Karatasi ya Batoto Babili

Kigoma, tarehe 11 mwezi wa tatu 1957

Kwa yaya wangu Godelieve, dada yangu mukubwa, mama ya Constance, kule Fizi.

Tarehe 6 ya mwezi huu, saa tatu ya asubuhi, pwani ya Baraka, tulipoteza kitanda namba kumi na mbili ya hospitali ya huku. Niliitafuta miezi tano. Naandika ile kwanza, mbele ya salamu, sababu nikianza na salamu hasira itapoa na namba zitanitoka.

Sasa nakusalimu. Mi niko muzima. Bibi yangu Florentine iko muzima, anasema alipika samaki kwa bageni babili, bageni hawakufika, tukakula wenyewe siku mbili. Duka inaendelea. Nilianza na pampu moja na viraka kumi. Leo niko na mafundi babili, tunatengeneza kinga, zenye huku banaita baiskeli, tano ao sita kwa siku. Shemeji Fabien anatuma habari kutoka Lulimba? Constance anasoma? Jacques anachunga? Na mupwa wangu Raphaël, muguu wake wa kushoto, bado anakanyaga na upande?

Ni juu ya ule muguu naandika.

Roger, mwenye mashua ya injini, alifika huku bila ninyi. Mi nilikuwa nasimama pwani na blanketi mukononi. Akanieleza yote. Anasema ulifika Baraka muzuri, na mutoto, na sanduku, na karatasi ya ruhusa kutoka biro ya Fizi. Polisi akafungua karatasi, akasoma: Godelieve, bibi ya Fabien, na batoto babili, Constance na Jacques. Akaangalia mutoto mwenye ulikuwa umemushika, akamuuliza: “We ni Jacques?”

Raphaël akajibu: “Jacques alibaki na mbuzi.”

Roger anasema batu bote balicheka, mupaka polisi mwenyewe. Alipomaliza kucheka akakurudishia karatasi, akasema huyu mutoto hayuko ndani, hapandi. Mashua ikaondoka na nafasi mbili wazi.

Nilimuuliza Roger hesabu. Siku ile balipanda batu makumi tatu na moja, na makaratasi ya bote ilikuwa sawa. Jina moja tu ndiyo ilikosekana, na ni jina ya yule mwenye safari.

Kitanda ilipewa mutoto wa mutu wa Ujiji. Daktari wa mifupa atakaa huku siku kumi, kiisha anaenda. Atarudi tarehe 18 mwezi wa sita, mara ya mwisho, na mwezi wa saba anarudi kwao Ulaya. Mi mwenyewe nilimuuliza. Alisema muguu kama ule, mbele ya mutoto kutimiza miaka saba, unanyooka. Kiisha pale mufupa unakauka vile umepinda. Raphaël anatimiza saba mwezi wa kumi. Hesabu ni fupi: imebaki safari moja.

Kwa hiyo soma hii polepole na uifanye vile imeandikwa. Karatasi ni kitu ya kwanza, mbele ya sanduku, mbele ya unga. Usitoke kwa biro mbele ya kuweka kidole kwa kila jina. Unajua kusoma, bamasista walikufundisha miaka tatu. Kama karani anaonyesha kuchoka, muache achoke. Angalia pia karatasi ya sindano ya ndui, ya wewe na ya mutoto. Bila ile huku hamutoke pwani. Roger anakuletea kipande ya mupira ya ndani ya kinga, nimeifunga upande moja kama mufuko. Tia makaratasi yote mule, funga, uvae kifuani. Usiweke sandukuni, sababu sanduku yako itakaa chini ya masanduku ya wengine na polisi hatangoje.

Usitoke Fizi siku ileile ya mashua. Kamyo inaweza kufa njiani, na kushuka mupaka Baraka kwa miguu na mutoto mugongoni ni siku nzima. Lala Baraka siku mbili. Mashua inazunguka rasi ya Ubwari kwanza, na kule kwa ncha mawimbi inapiga ubavu. Asubuhi ile mutoto asikunywe uji, atafune muhogo mukavu kidogo. Mukifika huku, ujue saa ya Kigoma inatangulia saa ya kwenu na dakika makumi ine na tano. Hospitali ikisema saa mbili, saa ya mukono ya Shemeji Fabien itaonyesha saa moja na robo. Kazi yangu ya kwanza huku niliipoteza kwa zile dakika. Na motokari inapita upande wa kushoto. Mukishuka pwani, angalieni kuume kwanza.

Swali yangu ni moja. Ni karani gani aliandika ile karatasi? Nipe jina yake.

Mudogo wako,
Norbert


Fizi, tarehe 3 mwezi wa ine 1957

Mudogo wangu Norbert,

Nakusalimu sana, wewe na Florentine. Umuambie anisamehe ile samaki. Barua yako ilifika, na kipande ya mupira vilevile. Jacques alitaka kuikata afanye manati, nimeificha.

Tuko bazima. Mvua ni mingi mwaka huu, mahindi ya chini ilioza, ya mulimani ni nzuri. Mudogo wetu Marie alikuja kutoka Ubwari na ndagala, zile samaki ndogo, kapu nzima. Amezaa tena, mutoto mwanamuke, mama na mutoto bazima, bwana wake anataka kumuita jina ya mama yake na Marie hataki. Fabien alifika mwisho wa mwezi, akakaa siku tatu, akarudi Lulimba. Kule banachimba, lakini anasema maji inajaa ndani ya mashimo. Constance alishika namba ya pili kwa darasa. Mbuzi moja ilipotea siku mbili, ikapatikana kwa shamba ya maharagi ya batu, na Jacques alipata fimbo juu ya ile.

Raphaël amejichongea fimbo yake mwenyewe. Anatangulia wenzake kwenda mutoni, kiisha anakaa kwa jiwe anabacheka vile bamechelewa. Tangu siku ya Baraka, mutu akimuuliza kitu yoyote anajibu: Jacques alibaki na mbuzi. Aliona inachekesha batu bakubwa, sasa hataki kuiacha. Anauliza kila asubuhi mashua inarudi siku gani.

Nataka kujua: hospitali ya kule, mama analala na mutoto wake ao nje? Nilete unga ya muhogo, ao kule kuko? Na kule bamama banajifunika kichwa kwa njia? Sitaki kufika kama mutu wa porini. Sanduku yangu ya bati ni nzito. Florentine aniambie kama kapu ya kufuma ni afazali.

Juu ya karani, uache. Biro iko na batu mingi na kila mutu anachoka. Karatasi ilikuwa vile ilikuwa. Usiandikie mutu.

Yaya wako,
Godelieve


Kigoma, tarehe 18 mwezi wa ine 1957

Yaya Godelieve,

Salamu. Tuko bazima. Florentine alikuwa na homa siku ine, imeisha. Umupongeze Constance kwa ile namba ya pili. Umuambie na ya kwanza iko, haijafungwa.

Nakujibu vile uliuliza. Mama analala chini, karibu ya kitanda ya mutoto, kwa mukeka wake, lete mukeka. Unga ya muhogo iko kila sehemu, usibebe. Beba ndagala kavu, kilo mbili inatosha. Kichwa, hapana lazima, lakini lete kitambaa, kwa ziwa jua inapiga. Florentine anasema kapu, si sanduku. Kapu inaingia chini ya miguu yako na unaiona. Uiandike jina na makaa.

Sasa na mi niseme. Nilikuuliza kitu moja, ulinijibu vitu kumi na moja. Nimevihesabu, na mbuzi ndani.

Jina ya karani nimeipata kwa Roger, sababu dada yake anaolewa na mutu wa biro. Ni Eugène. Leo asubuhi nimetia barua posta kwa bwana mukubwa wa biro. Nimeandika siku, saa, batu makumi tatu na moja walipanda, jina moja haikuandikwa, kitanda moja ilipotea. Nimeomba huyu Eugène aondolewe kwa ile meza mbele hajaharibu safari ya mutu mwingine.

Unaniambia niache. Yaya, mi siachake kitu kama hii, na wewe unajua sababu. Mwaka wa 1936 nilikuwa na miaka kumi. Padri alikuja kijijini na majina ya batoto bataenda kulala misioni na kusoma école, ile shule yao. Katekista ndiye alisoma, majina makumi mbili na mbili. Nilisimama mupaka jina ya mwisho na ile shati yenye Mama alinifulia. Hakuniita. Nikaenda mbele yake, nikauliza. Akaangalia karatasi yake, akaniambia: “Kwa nyumba yenu kuko babinti tu.” Na mi nilikuwa nasimama pale, naona kivuli yangu chini kwa miguu yake.

Sikusoma misioni. Nilipofika miaka kumi na saba sikuwa na buku ya kunitambulisha, Lulimba wakanikataa kwa kazi. Nikavuka ziwa chini ya magunia ya ndagala, nikabeba mizigo kwa pwani ya huku miaka sita, na karatasi ya jina ya mutu mwingine mufukoni. Kusoma na kuandika nilijifunza kwa vibao vya masanduku. Katekista alipokufa baliniita kwa kilio, sikuenda. Yote niko nayo leo niliihesabu mi mwenyewe, moja moja, sababu siku ile hakuna mutu alinihesabu.

Sasa karani mwingine amefanya vile kwa mutoto wako, na unasema alichoka.

Tarehe 18 ya mwezi wa sita daktari iko huku. Roger anatoka Baraka tarehe 14. Biro inatumia siku nane kwa karatasi. Umekwisha kuenda kuirekebisha? Hukuniandikia. Nijibu.

Norbert


Fizi, tarehe 12 mwezi wa tano 1957

Mudogo wangu,

Salamu kwako na kwa Florentine, nafurahi homa imeisha. Huku Constance anakohoa, si sana. Fabien hajarudi. Mutoto wa Marie amepata jina, bwana alishinda.

Barua yako kwa biro ilitangulia ile yenye uliniandikia mi. Nilijua sababu karani Eugène alikuja kwangu. Walimutoa kwa meza, wakamuweka nyuma, kwa chumba ya makaratasi ya zamani, mupaka mambo iangaliwe. Hakupiga kelele. Alisimama mulangoni na kofia mukononi, batoto wanamuangalia, akaniuliza: “Mama Constance, siku ile ulisema bangapi?”

Nilimupa maji, akakunywa, akaenda. Ni siku kumi sasa. Nikipita mbele ya biro naangalia chini. Nakujibu wewe, kiisha nitamujibu yeye.

Eugène hakukosa. Alinitolea kiti. Aliniuliza: uko na batoto bangapi? Raphaël alikuwa chini ya meza yake, anafungua kamba ya kiatu yake. Nikasema babili. Akauliza majina, nikataja Constance na Jacques. Akainama, akaangalia chini ya meza, akaniuliza: na huyu? Nikasema huyu ni mugeni tu. Aliandika vile nilisema. Mi nilisoma karatasi mbele ya kutoka, na kidole, hata mbele hujaniambia kidole. Ilikuwa sawa na neno yangu.

Unajua nilizika babili kiisha Jacques. Pulchérie, mwenye alikuwa anaanza kutembea, na yule mwenye hakupata jina. Raphaël alipozaliwa, Mama alikuja. Hakumubeba. Alisimama kwa mulango akasema: “Huyu usimuhesabu. Batu wakikuuliza, sema babili.” Alisema kifo kinasikia hesabu na kinakuja kutafuta mwenye anazidi. Mwaka wenye ulifuata Mama naye alikufa, na hakuna mutu wa kuniondolea ile neno. Kwa nyumba yangu naweka sahani ine, kiisha naongeza ya tano kama nilisahau. Hata kwa buku ya Fabien ya kumutambulisha, yenye batoto banaandikwa, hayuko. Nilimubatizisha, ndiyo, sababu padri aliuliza jina, hakuuliza hesabu.

Nilihesabu Pulchérie, alikufa. Nilihesabu mudogo wake siku yenye alizaliwa, hakumaliza juma. Raphaël simuhesabu miaka sita, na miaka sita iko muzima. We mutu wa namba, nifanyie ile hesabu.

Kule Baraka nilifikiri hivi: karatasi inasema batoto babili, mi nafika na mumoja. Nani anakataza mutu kupungua? Njia nzima, ndani ya kamyo, nilimufundisha kusema jina yake ni Jacques. Ulisikia vile alisema.

Kuko kitu ingine. Niliandika barua hii mara mbili bila kuitia, na mara mbili niliichana.

Mwaka wa 1936 mi nilikuwa na miaka kumi na tano. Wakati ule katekista alipita nyumba kwa nyumba na kalamu, mwezi mumoja mbele ya ile siku ya kusoma majina. Mi nilikuwa natwanga. Alimuuliza Mama batoto bangapi. Mama akasema babili, Godelieve na Marie. Marie alikuwa anatambaa bado. Wewe ulikuwa nyuma ya nyumba, unafunga mbuzi, nilikusikia unapiga muluzi. Mbele yako Mama alizika babili, Norbert. Wewe ndiye alikuwa anaficha.

Siku yenye ulirudi unalia na ile shati, aliingia ndani, akakaa mupaka jioni. Mi nilimufuata. Nilimuambia aende aseme kwa padri, bado kuko wakati. Akaniambia: “Afazali alie.”

Miaka makumi mbili na moja nilikuacha umuchukie katekista. Kila mara ulisema jina yake mi nilikuwa naangalia pembeni. Sikuwa na njia ya kusema bila kumuweka Mama pale kwa nafasi yake.

Sasa nakuomba. Umuandike Raphaël kule kwenu kama mutoto wako wa kuzaa. Ao Roger amupitishe katikati ya mizigo, mutoto ni mudogo, atanyamaza nikimuambia. Mingine yote nitafanya: sindano walimupiga, mupira iko, kapu nimenunua, nitalala Baraka siku mbili. Ile neno moja tu inanishinda.

Yaya wako,
Godelieve


Kigoma, tarehe 23 mwezi wa tano 1957

Yaya wangu Godelieve,

Nakusalimu. Florentine anakusalimu na anauliza kikohozi ya Constance. Umupe asali na tangawizi, na usimuache alale karibu ya moshi.

Barua yako ilifika tarehe 16. Leo ni 23. Ni siku saba, na sitakuandikia nilizifanya nini. Duka ilifunguliwa kila siku.

Juu ya Mama siandike kitu. Juu ya katekista, Jumapili tarehe 19 niliomba misa kwa jina yake na nilikaa kwa benchi ya mbele mupaka mwisho. Juu ya Eugène, nimeandika kwa biro barua ya pili: kosa haikuwa ya karani, ilikuwa ya habari zenye mi nilipata, naomba arudishwe kwa meza yake na naomba anisamehe. Roger iko na barua ingine, ya kumupa Eugène mwenyewe, na tairi mbili mupya. Roger aliniambia kinga ya Eugène inatembea kwa viraka.

Sasa nakujibu yenye uliomba.

Kumuandika kama mutoto wangu, hapana. Mi nilikaa miaka sita na jina ya mutu mwingine mufukoni. Nilipougua kifua niliogopa hospitali, sababu nikifa wataandika yeye amekufa, na mi nitakuwa sijafika huku hata siku moja. Kumupitisha kwa mizigo, hapana. Nilipita vile, najua magunia inanuka namna gani. Na daktari hanyooshe muguu ya mutoto mwenye hayuko. Kitanda inapewa jina, dawa inapewa jina, chakula inapewa jina. Siku ya kurudi pia, polisi wa huku atauliza huyu mutoto aliingia wapi, na mashua itaondoka bila ninyi mara ya pili, mara hii na muguu ndani ya plasta.

Ni hivi itafanyika. Tuma mutu Lulimba, Fabien atoe buku yake na dereva wa kamyo, asingoje mwisho wa mwezi. Chukua misioni karatasi ya ubatizo ya batoto wako, kila mutoto yake. Tarehe 3 mwezi wa sita, Jumatatu, ufike biro mbele ya mulango kufunguliwa. Usiseme hesabu. Weka karatasi mezani moja moja: hii Constance, hii Jacques, hii Raphaël. Karani atahesabu mwenyewe, ni kazi yake, namba itoke kwa mudomo wake. Lakini kiisha kuandika lazima atakuuliza kama hawa ndio batoto wako bote, na pale utasema ndiyo, kwa sauti, na mutoto anasikia. Kwa ile ndiyo hakuna mutu wa kukusaidia. Nilitafuta namna siku saba, sikuipata.

Uliniambia nifanye hesabu yako. Nimeifanya. Mama alihesabu Marie, na Marie iko Ubwari anagombana na bwana wake juu ya jina. Alikuhesabu wewe, na wewe unaniandikia. Wewe ulihesabu Constance na Jacques, mumoja ni wa pili kwa darasa, mumoja anapoteza mbuzi. Ni bane walihesabiwa na wanaishi. Ile nayo ni hesabu, Yaya, na hukuitia ndani.

Najua haitoshi kwako. Kwa hiyo nilifanya ingine. Jana, saa nne ya asubuhi, mbele ya Roger na mafundi yangu babili, nilisimama katikati ya duka nikasema kwa sauti: Mama yetu alizaa batoto batano. Wa kwanza ni Godelieve. Wa pili na wa tatu wako chini ya udongo kule kwetu. Wa ine ni mi, Norbert. Wa tano ni Marie. Nilikuwa sijaisema tangu nilizaliwa. Mafundi walifikiri nimekunywa. Roger alivua kofia, sijui sababu gani. Kiisha tukarudia kazi. Kuko gurudumu ya mwalimu moja ilikuwa imepinda vibaya, tuliinyoosha mupaka saa saba.

Roger anaondoka huku tarehe 27. Atakuwa ameniona siku tano nzima kiisha ile hesabu. Nimemuomba asikutumie barua hii kwa mutu, apande kamyo yeye mwenyewe mupaka Fizi. Sasa anasimama mbele yako. Muulize kama niko muzima. Muulize na Raphaël anasikia.

Hospitali inangoja sahihi yangu kwa kitanda, ni ileile namba kumi na mbili, tarehe 3 mwezi wa sita, saa nne ya asubuhi kwa saa ya huku, saa tatu na robo kwa saa ya kwenu. Nisipotia sahihi, wanaipa mwingine, na daktari harudi tena. Roger anatoka Baraka tarehe 1, saa moja ya asubuhi. Jibu iwe mukononi mwake mbele ya kuwasha injini. Sitaki habari ya mvua, na mbuzi mara hii ibaki na Jacques. Karani akikuuliza kama Constance, Jacques na Raphaël ndio batoto wako bote, utasema ndiyo, ao hutasema? Niandikie neno moja.

Mudogo wako, mutoto wa ine,
Norbert